Ubovu Hukaa Kwenye Maungio

Habari za jioni, ndugu zangu. Wale mliosimama nyuma sogeeni mbele kidogo, kwa sababu kuna vitu nitavishika mkononi na ukiwa mbali hutaviona.

Niliombwa nizungumze juu ya kutengeneza vifaa vya umeme na mashine ndogo nyumbani, na aliyeniomba akanionya mapema: "Fundi, nadharia tunazo za kutosha." Sawa. Nimekuja na moja tu, na hiyo itabidi mnivumilie, maana yote nitakayosema jioni hii yanaegemea hapo. Ubovu hukaa kwenye maungio.

Tazameni hii grenda. Ndani yake kuna shaba, chuma, plastiki na grisi. Waya wa shaba uliotulia ndani ya ganda lake hauna ugomvi na mtu. Chuma kisichopata kutu kitakuzika wewe na wajukuu wako. Shida huanza pale kitu kimoja kinapokutana na kingine: waya unapobanwa na skrubu, kaboni inapogusa pete ya shaba inayozunguka, shafti inapoingia kwenye beringi, kebo inapoingia kwenye mwili wa mashine, plagi inapoingia kwenye soketi. Hapo pana msuguano, pana joto, pana mtikisiko, pana vumbi. Kwa hiyo ukiletewa kifaa kimezimika, usianze kwa kujiuliza kitu gani kimeungua. Jiulize kiungo kipi kimeachia. Swali la kwanza litakupeleka kununua vipuri. La pili litakukalisha kitini utazame.

Somo hili nililipia. Miaka ya nyuma drili yangu ya mkono ilikufa katikati ya tundu. Nikasema kaboni zimeisha, nikabadilisha kaboni. Kimya. Nikasema swichi, maana ilikuwa imejaa vumbi, nikabadilisha swichi. Ikafanya kazi siku mbili, ikafa tena. Nikaanza kutafuta armecha, ule moyo wa mota unaozunguka. Siku naisogeza ili nipate nafasi mezani, kebo ikajikunja, drili ikanguruma sekunde moja mkononi mwangu, halafu kimya. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda, vidole viwili tu kutoka pale unapoingia kwenye mpini. Kwa nje kebo inang'aa kama mpya. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakishika kila siku. Tena kuna kosa jingine hapo, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi: drili ilikuwa imechomekwa kwenye umeme wakati naisogeza. Ingeondoka na kidole.

Basi ubovu wa namna hiyo hukamatwa hivi. Chomoa plagi uiweke mezani mbele ya macho yako, usiiache ikining'inia karibu na soketi. Weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya kengele, ile inayolia njia ikiwa haijakatika. Ncha moja ishike pini ya plagi, nyingine ishike skrubu ya swichi pale waya huohuo unapofikia. Sikilizeni. Inalia. Mwenye haraka angesema waya ni mzima, akafunga mashine. Sasa namwomba kijana huyu aikunjekunje kebo polepole, aanzie kwenye plagi aje kwenye mpini, sentimita tano tano. Inalia, inalia, bado inalia... hapa! Mmesikia ilivyopata kwikwi? Hapo ndipo. Kata kebo mbele kidogo ya hapo kuelekea plagi, kiasi cha kiganja, kipande kibovu kitupe, ncha mpya ifunge upya. Na ukifunga, kibano cha kebo kishike ganda la nje, kisishike nyaya za ndani. Kama kifaa kina waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, uache mrefu kuliko wenzake wawili, ili siku kebo ikivutwa mpaka ikachomoka, ethi iwe ya mwisho kuachia. Grenda kama hii haina ethi. Kwenye kibao chake mtaona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ina kinga mbili, iliundwa hivyo, na wewe usijitie kuiongezea.

Nikae kidogo kwenye skrubu, kwa sababu hapa ndipo nyumba zinapoungulia.

Kiungo kilicholegea mara nyingi hakikati umeme. Kinauzuia kidogo tu, na kule kuzuia ndiko kunakozaa joto. Hesabu ya joto hilo kwa wati ni fupi: ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, mara ampea mara omu, yaani kipimo cha upinzani. Aliyeionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1840, ni James Joule, Mwingereza ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha bia na ambaye majaribio yake mengi aliyafanya nyumbani. Mimi humhesabu kuwa mwenzetu. Sasa chukueni kiungo kilicholegea chenye nusu omu. Ni kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida huenda isikushtue, kwa kuwa nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 au 0.3. Kipitishie ampea 10 za hita. Kumi mara kumi mara nusu: wati 50. Hiyo ni pasi nzima ya kulehemu, inawaka ndani ya plagi ya plastiki, nyuma ya kabati, na hakuna anayeiona.

Kwa hiyo ukiona pini ya plagi imegeuka kahawia, usiisugue kwa msasa ukaendelea na maisha. Lile bati linaloibana pini ndani ya soketi likishapata joto la namna hiyo limepoteza nguvu, halibani tena. Badilisha plagi na soketi kwa pamoja. Ukibadilisha moja, mgonjwa aliyebaki atamwambukiza mgeni.

Hapo hapo kwenye skrubu kuna desturi moja nataka niipinge hadharani. Wengi mlifundishwa kuipaka lehemu ncha ya waya wenye nyuzi nyingi kabla ya kuibana. Nilifundishwa hivyo mimi pia, na nilifundishwa vibaya. Lehemu ni laini. Ikikaa chini ya skrubu hujisukuma pembeni taratibu, na baada ya miezi kadhaa skrubu uliyoikaza mpaka mkono ukauma inacheza. Sokota nyuzi vizuri uzibane kavu, au uvishe kile kikofia kidogo cha chuma kinachobanwa kwa koleo lake. Lehemu ina mahali pake, nako ni kwenye bodi ya saketi. Huko pia ijue uliyonayo: ya bati na risasi kwa 63 na 37 huyeyuka kwenye nyuzi joto 183, ile isiyo na risasi inataka kama 217 kwenda juu. Ukiona kiungo kimefifia na kina vidonda vidonda, mara nyingi pasi haikufika joto au mkono ulitikisika kabla hakijaganda.

Haya. Kama ubovu hukaa kwenye maungio, sharti la kwanza la usalama ni kwamba wewe mwenyewe usiwe kiungo.

Mkono mmoja kwenye waya wa moto, mwingine kwenye fremu ya chuma, na katikati upo moyo wako. Taa ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 inavuta ampea 0.26, yaani miliampea 260. Kile kikata umeme kinachowekwa kuwalinda watu umeme unapovuja, kwa kawaida kimepangwa kiruke kwenye miliampea 30. Taa moja ndogo, basi, inapitisha karibu mara tisa ya kiasi ambacho kikata hicho kinaona kimezidi kwa binadamu. Na msikitegemee kwa kila jambo. Kikata hicho hulinganisha umeme uliotoka na uliorudi. Ukishika waya wa moto kwa mkono huu na nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwa mkono ule, wewe umesimama juu ya ubao mkavu, umeme wote uliotoka umerudi. Kwake yeye wewe ni hita tu.

Kujua kwamba waya hauna umeme ni kazi ya hatua tatu, wala si moja. Pima kwanza mahali unapojua umeme upo. Kisha pima pale unapotaka kushika. Halafu rudi pale pa kwanza upime tena, kwa sababu mita nayo hufa, na inaweza kufa kati ya hatua ya kwanza na ya pili bila kukuaga. Na kabla ya kupima volti, tazama waya mwekundu wa mita umechomekwa tundu gani. Kama umebaki kwenye tundu la ampea 10 tangu jana, hupimi kitu. Unapiga shoti kwa mkono wako mwenyewe.

Mita za dijiti zina ujanja mmoja unaowasumbua sana wanaoanza. Zina upinzani mkubwa ndani, nyingi megaomu 10. Sasa waya uliokatwa kule mwanzo, ila umelala sambamba na mwingine wenye umeme, unaweza kukuonyesha volti 40, 60, hata zaidi, na hauna nguvu ya kuwasha chochote. Mimi huuita umeme wa kivuli. Weka taa ya kupimia kati ya waya huo na nyutro: kama ni kivuli, taa haiwaki na ile namba inaanguka. Lakini mpaka uthibitishe, uhesabu kuwa ni mzima na unauma.

Kuna kifaa hiki hapa. Sikukinunua. Ni ubao, holda ya taa, soketi moja na taa ya zamani ya uzi, wati 100. Taa imeungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye soketi, kwa hiyo chochote nitakachochomeka hapa, umeme wake lazima upitie kwenye taa kwanza. Nikiambiwa nitupe vyote nibaki na kimoja, mita nitaifikiria, huu ubao sitautupa.

Siri iko kwenye ule uzi. Ukiwa baridi upinzani wake ni kama omu 40 hivi. Ukiwaka kabisa unapanda mpaka karibu 530. Ni askari wa getini anayesinzia kukiwa shwari na kusimama kukiwa na fujo. Chomeka kifaa chenye shoti: taa inawaka yote, na kinachopita hakizidi ampea 0.43. Hakuna mlipuko, hakuna fyuzi iliyokwenda, hakuna kipuri kipya ulichokifunga leo kilichoungua leo. Chomeka redio nzima: taa inamulika mara moja kisha inafifia. Chomeka kifaa kilichokatika mahali: taa haiwaki kabisa. Kwa kifaa kilichofumuliwa na kufungwa upya kwa mkono wangu, sijawahi kukipeleka moja kwa moja kwenye umeme tangu nilipotengeneza ubao huu.

Mambo yanayowapotosha watu hapa ni haya. Hita kubwa itaiwasha taa karibu yote hata ikiwa nzima, msije mkaihukumu bure. Hesabu yake ifanyeni kabla: volti mara volti, gawanya kwa wati. Hita ya wati 2000 kwenye volti 230 inatakiwa isome kama omu 26. Ukipima ukapata 26, hita ni nzima, tafuta ubovu kwenye kidhibiti joto au kwenye viungo vyake. Jingine: taa za LED hazifai kazi hii hata kidogo, hazina ile tabia ya kusinzia na kuamka. Na la mwisho, ambalo mtu huyu na yule amelisahau kwa hasara: kifaa kilichochomekwa hapa kina umeme kama kawaida. Taa inakilinda kifaa, haikulindi wewe.

Twende kwenye mota. Mota za nyumbani ni makabila mawili, na masikio yanatosha kuyatofautisha. Inayopiga kelele kali ya juu, kama drili, grenda na blenda, ni ya kaboni. Inayovuma kwa utulivu, kama feni na pampu, mara nyingi haina kaboni.

Ya kaboni ikianza kusita, toa kaboni zake kwanza. Ziwekee alama upande gani zilikuwa zimetazama, maana kila moja imejichonga kufuata shaba yake, ukiigeuza unaanza upya. Kama imebaki theluthi moja ya urefu wake, badilisha zote mbili. Kama bado ni ndefu, usifurahi mapema: isukume kwenye nyumba yake kwa kidole. Inatakiwa iteleze na kurudi yenyewe kwa springi. Nyingi nilizoletewa kama "mota imeungua, isukwe upya" zilikuwa na kaboni iliyokwama kwa vumbi, haigusi shaba. Kisha tazama ile pete ya vipande vya shaba. Rangi ya kahawia iliyoiva, laini, ni afya, usiisugue. Ikiwa nyeusi ya masizi, isafishe kwa msasa laini wa mbao, usitumie ule mweusi wa chuma, kwa kuwa chembe zake zinaweza kupitisha umeme na zikijibana kati ya vipande umejitengenezea shoti. Cheche ndogo za samawati chini ya kaboni ni za kawaida. Cheche zikizunguka pete nzima kama mkufu wa moto, zima. Pima kipande na jirani yake mpaka umalize mzunguko, na yule atakayesoma tofauti na wenzake ndiye mwenye kesi. Huyo kweli ni wa kusukwa upya, au armecha nyingine.

Zisizo na kaboni tutazirudia mwisho, kuna mtu amekuja na mgonjwa wake.

Beringi. Mnaziogopa bure, zina anwani imeandikwa ubavuni. Hii imeandikwa 6204. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano: 04 mara 5 ni 20, basi tundu lake ni milimita 20. 6205 ni 25. Inaanzia 04 kwenda juu. Zilizo chini yake zikariri tu: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Ukiona 2RS, ina mipira ya kuzuia vumbi pande zote mbili. ZZ, ina bati pande zote mbili. Kwa mashine inayokula vumbi kama hii grenda, mimi napendelea mpira.

Sasa beringi nyingi hufia mikononi mwetu siku ileile ya kufungwa. Shikeni hii mpitishiane. Kuna pete ya ndani, pete ya nje, na gololi katikati. Unapoivisha kwenye shafti, unayoigonga ni pete ya ndani, basi. Ukigonga ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinaacha vijishimo vidogo njiani mwake, na beringi mpya inaanza kulia kabla hujarudisha bisibisi mahali pake. Unapoiingiza kwenye nyumba yake, geuza: gonga ya nje. Chukua soketi ya spana inayolingana na pete unayotaka, ndiyo nyundo igonge hapo. Au usigonge kabisa. Weka shafti kwenye friza usiku mmoja, pasha beringi joto kidogo, itaingia kama pete kidoleni. Lakini yenye mipira au bati usiipitishe nyuzi 80, grisi na mipira yake haitapenda.

Ukisema beringi, mtu atakuja na kopo la kupuliza. WD-40 ilitengenezwa Marekani mwaka 1953, na hizo herufi mbili zinatokana na maneno ya kufukuza maji. Ile 40 ni jaribio la arobaini. Kwa kufukuza maji na kulegeza kutu ni kitu kizuri sana. Ukiipuliza kwenye beringi inayolia, kelele inanyamaza kwa muda tu, na umeiosha grisi iliyobaki. Itarudi kulia, tena kwa sauti ya juu.

Mikanda sitawachosha. Ubavu wa mkanda wa V ndio unaofanya kazi, chini usiguse sakafu ya puli; ukikuta sakafu ya puli inang'aa, mkanda umekwisha hata kama unaonekana mzima. Weka rula ndefu kwenye nyuso za puli mbili, iguse sehemu nne. Basi.

Nati zilizokwama nazo zina jambo moja tu ninalotaka mlikumbuke kabla hamjaongeza urefu wa spana: huenda unaikaza. Grenda ya mezani yenye mawe mawili, nati ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa saa, maana ingekuwa ya kawaida mzunguko wa jiwe ungeifungua yenyewe. Drili inayokwenda mbele na nyuma, ukifungua taya zake ukachungulia ndani utakuta skrubu, na hiyo pia huwa ya kinyume. Nimevunja skrubu hiyo mara moja. Haikunichukua dakika tano kuivunja. Kuitoa kulinila Jumamosi nzima.

Kabla sijamfikia mgonjwa wetu, niseme juu ya kifaa ambacho sikifungui na sioni haya kusema hivyo. Oveni ya maikrowevu. Ndani yake kuna transfoma inayotoa takribani volti 2000, na kapasita, kipuri cha kuhifadhi umeme, inayoweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Mota ikikupiga shoti unaweza kurudi kesho kutuhadithia. Transfoma ile inakuja na ampea za kutosha kukumaliza, na kile kikata umeme nilichokisema hakiioni, maana iko upande wa pili wa koili. Taa ya ndani na sahani inayozunguka, sawa, kama vinafikiwa bila kufungua ganda. Zaidi ya hapo mpelekee aliyefundishwa kazi hiyo.

Haya mama, tuletee hiyo feni.

Anasema inavuma lakini haizunguki. Plagi imechomolewa? Iweke hapa nione. Kwanza naisukuma kwa kidole. Inazunguka yenyewe, mizunguko mitatu, minne, inasimama taratibu. Kwa hiyo bushi inayobeba shafti si kavu. Ingekuwa nzito ningeweka matone mawili ya mafuta mepesi ya mashine, yale ya cherehani, na nisingeweka mafuta ya kupikia, hayo hugeuka gundi. Sasa naichomeka kwenye ubao wa taa. Taa imefifia, haina shoti. Naihamishia kwenye soketi yenyewe. Inavuma, haizunguki. Rudini nyuma kidogo. Naisukuma panga kwa kijiti hiki, si kwa kidole. Imeondoka! Inazunguka, japo kivivu. Mota ya namna hii haijui upande wa kuanzia mpaka isukumwe, na kazi ya kuisukuma kila siku ni ya kapasita.

Nachomoa tena. Kapasita inaweza kubaki na chaji, na wengi huimaliza kwa kuipiga shoti na bisibisi. Inatoa mlio mzuri, inatoboa bisibisi, na mara nyingine inajiua ndani. Mimi natumia kizuizi, yaani rezista, cha omu 10,000, cha wati 5, chenye nyaya zilizofunikwa. Hata ingekuwa kapasita kubwa ya mikrofaradi 100, hicho ndicho kipimo cha kapasita, sekunde tano zingeimaliza karibu yote. Nahesabu kumi, kisha napima volti. Sifuri. Sasa natoa waya mmoja, naweka mita kwenye mikrofaradi. Ganda limeandikwa 1.5, asilimia tano juu au chini. Mita inasema... njoo usome wewe. 0.7.

Basi mnaona, nimekaa hapa saa nzima nikiwaambia ubovu hukaa kwenye maungio, na feni ya mama imekuja kunipinga mbele ya watu. Waya ni mzima, skrubu zimekaza, bushi inateleza, na kapasita imejifia yenyewe huko ndani bila kuguswa na mtu. Kapasita hufanya hivyo. Kijana, kwenye lile kopo la kushoto zipo mbili tatu; nitafutie ya 1.5. Volti zake ziwe sawa na za hii au zaidi, zisipungue. Hiyo hiyo. Leta na koleo.